Dawa ya Minyoo na Kichefuchefu cha Pombe

Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vinaelekea ukingoni, watafiti wawili wa kampuni ya dawa ya Medicinalco, mjini Copenhagen nchini Denmark, walikuwa wanatafuta dawa ya minyoo. Mmoja aliitwa Jens Hald, mwingine Erik Jacobsen. Waliamini kwamba kemikali inayoshikamana na madini ya shaba ingeweza kuwadhuru minyoo bila kumdhuru anayewabeba, na miongoni mwa kemikali za namna hiyo wakaichagua disulfiramu. Haikuwa ngeni. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1881, viwanda vya mpira vikaitumia kuharakisha mpira uive na kukaza, na huko Sweden ilitiwa kwenye dawa ya kupaka ya upele. Sungura wenye minyoo walipolishwa disulfiramu, minyoo ilipungua na sungura wakabaki wazima. Likabaki suala la binadamu.

Pale Medicinalco, wafanyakazi waliojitolea kumeza dawa mpya kabla haijafika kwa mgonjwa yeyote walijiita Kikosi cha Kifo. Hald na Jacobsen walikuwamo kikosini. Wakameza vidonge, wakaendelea na shughuli zao, wasione badiliko lolote mwilini. Kisha Jacobsen akateremsha chakula chake cha mchana kwa bia, kama ilivyokuwa desturi ya watu wengi mjini humo. Haikupita muda uso ukamwaka moto, moyo ukaenda mbio, kichwa kikaanza kumgonga na kichefuchefu kikamshika. Akashuku chakula. Hali ilipojirudia, na alipozungumza na mwenzake akakuta naye yamempata yaleyale, ndipo wawili hao walipoanza kuunganisha mambo. Vidonge peke yake havikuwafanya kitu. Bia peke yake walikuwa wameinywa miaka yote. Vikikutana, mtu anaugua.

Madaktari walioifuatilia hali hiyo baadaye waliieleza kwa undani, na inafaa tuitazame kwa karibu. Dakika chache baada ya kinywaji, joto hupanda usoni, uso ukawa mwekundu hadi shingoni na kifuani, na weupe wa macho nao ukageuka mwekundu. Mishipa ya shingo hupiga kwa nguvu. Pumzi inakuwa fupi. Baada ya hapo wekundu huondoka, mtu akapauka, shinikizo la damu likashuka, akatapika tena na tena. Akilala saa chache huamka nafuu, na hamu ya kurudia hana.

Wao hawakuwa wa kwanza kuiona. Mwaka 1937 daktari mmoja wa kiwanda huko Marekani, E. E. Williams, aliandika kwamba wafanyakazi wanaoshughulika na kemikali ndugu ya disulfiramu hawawezi tena kunywa hata bia, na akajiuliza kama hapo haikuwa imepatikana tiba ya ulevi. Hakuna aliyelifuata swali lake. Wachumaji wa uyoga wa Ulaya nao walijua tangu zamani kwamba kuna aina ya uyoga mtamu na salama, ila aulaye asiguse divai. Ujuzi ulikuwepo, umetawanyika kwa watu wa viwandani na wa porini. Tofauti ya Copenhagen ni kwamba walioumwa walikuwa wataalamu wa dawa, walikuwa wawili, na walikuwa wanaongea.

Hata hivyo waliliweka kando. Walikuwa wanatafuta dawa ya minyoo, na dawa ya minyoo inayomzuia mtu bia yake haina soko. Ni mwaka 1947, baada ya Jacobsen kuligusia jambo hilo mbele ya hadhira na gazeti moja kulichapisha, ndipo watu walipoanza kuuliza kama kidonge hicho kingeweza kuwasaidia walevi. Hald na Jacobsen wakarudi maabara na swali jipya: ni kitu gani hasa kinachomtapisha mtu?

Jibu lilianza kwa pua. Pumzi ya mtu aliyemeza disulfiramu kisha akanywa ilikuwa na harufu kali inayokumbusha matunda yaliyovunda, na mkemia hawezi kuikosea: ni asetaldehidi. Walipopima damu waliikuta imepanda mara kadhaa kuliko kwa mnywaji wa kawaida. Lakini kuikuta kwenye damu si ushahidi kwamba ndiyo mkosaji. Kwa hiyo watu waliojitolea wakatiwa asetaldehidi kwenye mshipa, bila pombe na bila kidonge, na uso ukawaka, moyo ukaenda mbio, pumzi ikafupika. Sasa walikuwa na uhakika. Matokeo yao yalitoka katika jarida la kitabibu la Lancet Desemba 1948, pamoja na ripoti ya daktari Oluf Martensen-Larsen, aliyekuwa ameshaanza kuwatibu walevi kwa vidonge hivyo. Dawa ikaitwa Antabuse.

Walichokifunua ni safari ya pombe ndani ya ini. Kilevi kikifika huko, kimeng'enya cha kwanza hukigeuza kuwa asetaldehidi, ambayo ni sumu kuliko kilevi chenyewe. Kimeng'enya cha pili huidaka sumu hiyo mara moja na kuigeuza kuwa asetati, kitu kisicho na madhara ambacho mwili hukichoma na kubaki maji na hewa ya ukaa. Kwa watu wengi hatua ya pili ina kasi kiasi kwamba sumu haipati nafasi ya kujikusanya. Disulfiramu humfunga mikono yule wa pili. Wa kwanza anaendelea na kazi, sumu inarundikana, na mwili unapiga kelele.

Naona ni jambo kubwa kwamba maelezo haya yalipatikana kwa watu waliokuwa wanasababisha kichefuchefu, kwa maana kwa zaidi ya miaka 2,000 watu walikuwa wanatafuta kukizuia na hawakufika mbali. Mroma Cato, katika kitabu chake cha kilimo cha karne ya 2 kabla ya Kristo, alimshauri anayetaka kunywa sana kwenye karamu ale kabichi mbichi yenye siki kabla ya chakula, na majani mengine baada yake. Mroma mwenzake Pliny, aliyeandika karibu karne mbili na nusu baadaye, alitaja mapafu ya kondoo yaliyochomwa, yaliwe mapema, na jivu la mdomo wa mbayuwayu lililochanganywa na manemane. Huyu Pliny husingiziwa mara nyingi kwamba alifundisha kula mayai ya bundi kama tiba ya hangova. Alichoandika ni kwamba mayai hayo, akipewa mlevi ndani ya divai kwa siku tatu, yatamfanya aichukie divai. Kwa hiyo hata yeye alikuwa ameifikiria njia ya Copenhagen, ila alikosa kemikali. Na huko Oxyrhynchus, Misri, kwenye majalala ya kale yaliyohifadhi maelfu ya mafunjo, kumepatikana maandishi ya kitabibu ya karibu miaka 1,900 iliyopita yanayomwelekeza mwenye kichwa cha pombe avae shingoni taji la majani ya mti fulani.

Tusiwacheke. Kati ya ushauri huo wote kuna kitu kimoja kinachosimama hadi leo, nacho ni kula kabla ya kunywa. Kabichi yenyewe haina miujiza. Kinachosaidia ni tumbo lenye chakula chochote cha maana, kwa sababu kilevi hunyonywa polepole kikiwa bado tumboni na hunyonywa upesi kikishafika kwenye utumbo mwembamba. Chakula hufunga mlango kati ya hivyo viwili kwa muda. Erik Widmark wa Lund, Sweden, ambaye kitabu chake cha mwaka 1932 kiliweka msingi wa kupima kilevi kwenye damu, alionyesha wazi kwamba aliyekula hafikii kiwango anachofikia mwenye njaa, hata wakinywa sawasawa. Tumbo tupu pia linaunguzwa zaidi: kilevi huuchokoza utando wake na kuongeza asidi, na hiyo ni njia nyingine ya kichefuchefu isiyohitaji asetaldehidi hata kidogo.

Antabuse ilipokelewa kwa shangwe. Mwaka 1951 Marekani iliiruhusu itumike. Siku zile mgonjwa alipewa dozi kubwa, gramu nzima na hata zaidi kwa siku, kisha akapewa pombe hospitalini mbele ya daktari ili aonje kwa makusudi yale yatakayompata akinywa nyumbani. Wengine walikufa. Mioyo iliyochoshwa na ulevi wa miaka haikuhimili shinikizo la damu kuporomoka namna ile. Majaribio hayo yakaachwa polepole na dozi ikashuka hadi karibu miligramu 250 kwa siku. Hata hapo tatizo lingine lilibaki, la kibinadamu zaidi. Utafiti uliofanyika katika hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani na kuchapishwa mwaka 1986, ukihusisha wanaume 605, ulikuta kwamba waliopewa disulfiramu hawakuwazidi wenzao kwa kuacha pombe moja kwa moja. Wengi hawakuimeza. Anayetaka kunywa Jumamosi anaacha kidonge mapema wiki hiyo. Dawa hufanya kazi vizuri zaidi pale mtu mwingine, mke, mume, muuguzi au ndugu, anaposimama karibu na kuhakikisha kimemezwa, tena kwa ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Na haitolewi kwa siri: kumtilia mtu kwenye chai bila yeye kujua ni kuhatarisha maisha yake, maana atakwenda kunywa bila kujua kinachomsubiri.

Kuna watu waliozaliwa na kitu kinachofanana na kidonge hicho. Katika Asia ya Mashariki, China, Japani, Korea na jirani zao, zaidi ya theluthi ya watu wamerithi kimeng'enya cha pili kilicho dhaifu, kwa sababu ya badiliko dogo katika jeni moja. Glasi moja huwapaka uso wekundu. Mapema katika miaka ya 1980 watafiti walipowapima walevi wa Japani, walikuta wenye badiliko hilo ni wachache mno miongoni mwao. Lakini kinga hiyo ina gharama. Anayelazimisha kunywa hivyohivyo, kwa kuwa wenzake kazini wanakunywa, anaiweka asetaldehidi kooni mwake miaka na miaka, na hatari yake ya kupata saratani ya umio hupanda sana kuliko ya mnywaji mwingine.

Sasa tuje kwenye asubuhi yenyewe, maana msomaji anaweza kudhani kwamba kwa kuwa sumu imejulikana, hangova nayo imeelezwa. Bado. Hangova huwa kali zaidi kilevi kinapokaribia kwisha kabisa mwilini, wakati ambapo kwa watu wengi asetaldehidi nayo imeshaondoka kwenye damu. Kwa hiyo haiwezi kubeba lawama yote. Watafiti wa miaka ya karibuni wanaitazama zaidi kinga ya mwili: baada ya pombe nyingi, kemikali za uvimbe hupanda kwenye damu, zilezile zinazomfanya mwenye mafua ajisikie mzito, asiwe na hamu ya kula na achukie mwanga. Kuna upungufu wa maji pia. Mwaka 1942 Grace Eggleton wa Uingereza alipima mkojo wa wanywaji na kuonyesha jinsi kilevi kinavyoongeza mkojo. Tunajua sasa kwamba hukandamiza homoni inayoziambia figo zihifadhi maji. Usingizi nao huvurugika. Na rangi ya kinywaji ina mchango wake: jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2010 lilikuta kwamba waliokunywa bourbon waliamka na hali mbaya kuliko waliokunywa vodka, kwa sababu bourbon imebeba mabaki mengi ya uchachushaji na ya mapipa. Ila walipopewa kazi za umakini na wepesi wa kujibu, wote walifanya vibaya sawasawa.

Ndiyo maana dawa haijapatikana. Mwaka 2005 jarida la BMJ lilichapisha uchunguzi wa majaribio yote ya kuaminika ya kuzuia au kutibu hangova. Yalikuwa 8 tu, ya tiba 8 tofauti, kuanzia dawa za moyo hadi sukari ya matunda na mmea wa artichoke, na waandishi hawakuona ushahidi wa kuridhisha kwa hata moja. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2022 ulikuta majaribio 21, ushahidi wake ukiwa dhaifu sana, na hakuna mawili yaliyojaribu kitu kimoja. Hata ule ushauri wa vijiweni wa kupanga vinywaji, kipi kitangulie kipi kifuate, ulipimwa Ujerumani kwa watu 90 waliopewa bia na divai kwa mpangilio tofauti. Matokeo yalitoka mwaka 2019: mpangilio haukubadilisha kitu. Waliojisikia wamelewa sana usiku ndio waliougua zaidi asubuhi.

Hesabu ya ini haibembelezwi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 imebeba karibu gramu 20 za kilevi, na ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa moja basi ni kazi ya saa mbili hadi tatu. Aliyeanza saa moja jioni na kumaliza chupa tano kabla ya usiku wa manane atakuwa bado na kilevi mwilini alfajiri ya saa kumi na moja, na huenda hata saa tatu asubuhi, wakati tayari ameshashika usukani wa gari au pikipiki. Kahawa haiongezi kasi hiyo, wala kuoga maji baridi, wala ndimu. Kinachosaidia kichefuchefu ni vitu visivyo na mbwembwe: kunywa taratibu na kidogo, kula kwanza, kuweka maji katikati ya chupa na chupa, na kulala. Supu ya mbuzi au ya makongoro ya asubuhi inarudisha maji na chumvi mwilini, na kwa hilo inastahili sifa yake. Vidonge vya maumivu vinataka tahadhari. Aspirini na ibuprofeni hulichokoza tumbo ambalo tayari limeunguzwa, na paracetamol huvunjwa na ini lilelile lililo kazini, ambalo kwa mnywaji wa kila siku linaweza kuumia kwa dozi ambayo mwingine angeihimili.

Imebaki kuzimua, au kutoa lock kama wanavyosema Nairobi: kuamka na kunywa tena. Wengi huapa kwamba inafanya kazi, na kweli nafuu hupatikana kwa saa chache, kwa sababu inayohitaji kujulikana na kila mnywaji wa Afrika Mashariki. Vinywaji vilivyochachushwa huwa na chembe ndogo za methanoli, ndugu wa kilevi cha kawaida. Kimeng'enya cha kwanza cha ini hukipendelea kilevi cha kawaida na kuiacha methanoli ikingoja. Kilevi kikiisha, methanoli huanza kuvunjwa, na kinachotoka ni fomaldehidi na asidi ya fomiki. Anayezimua analirudisha ini kwenye kilevi na kuiahirisha kazi hiyo. Hiyo ni moja ya sababu zinazotajwa. Nyingine ni kwamba pombe hufisha tu hisia za maumivu. Deni liko palepale, na kunywa kila asubuhi ni mojawapo ya njia zinazoelekea kwenye utegemezi.

Katika bia ya kiwandani chembe hizo ni kidogo mno. Hatari kubwa ni pale mtu anapotia methanoli ya viwandani kwenye pombe ili iwe kali na ya bei rahisi. Novemba 2000, katika vitongoji vya Mukuru jijini Nairobi, zaidi ya watu 130 walikufa kwa pombe ya namna hiyo na wengine wakapofuka. Mei 2014 yakatokea tena, safari hii katika kaunti za Embu, Kitui, Makueni, Kiambu na nyinginezo. Ubaya wa methanoli ni kwamba huanza kama hangova: siku inayofuata, baada ya saa 12 hadi 24, mtu ana kichefuchefu, tumbo linauma, kichwa kizito. Nduguze wanamwacha alale. Dalili zinazoitofautisha ni macho kuona ukungu au weupe mtupu na pumzi kwenda mbio bila sababu. Mtu wa namna hiyo hapewi supu wala haachwi alale, anakimbizwa hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu asidi ile inaua mshipa wa fahamu wa jicho na baadaye mwili mzima.

Hospitalini daktari humpa fomepizoli, inayokifunga kimeng'enya cha kwanza, na isipopatikana humpa kilevi cha kawaida kwa kipimo na uangalizi, ili ini lishughulike nacho huku methanoli ikitoka taratibu au ikichujwa kwa mashine ya figo. Asidi kwenye damu hutibiwa kwa bikaboneti. Mwaka ule wa 2014 wataalamu kutoka Hospitali ya Chuo Kikuu cha Oslo walishirikiana na Madaktari Wasio na Mipaka kuwafundisha wauguzi na madaktari wa Kenya kuwatambua wagonjwa hawa mapema. Katika mlipuko wa kwanza walikadiriwa wagonjwa 341, na karibu watatu kati ya kila kumi walikufa. Katika wa pili, baadaye mwaka huohuo, wagonjwa walikuwa 126, na waliokufa walikuwa karibu mmoja kati ya kila watano.